Mng'ao wa Boneti

FUNDI: Haloo! Nani mwenzangu? Paza sauti, pampu ya rangi inanguruma hapa.

MWEWE: Izime.

FUNDI: Nani huyo anayeniamuru ndani ya karakana yangu?

MWEWE: Aliyemwoa dada yako. Izime, nakuambia.

FUNDI: Alaa! Shemeji! Mwewe mwenyewe! Ngoja kidogo— [mashine inazimika] Haya. Za huko porini?

MWEWE: Za porini si nzuri. Shem, umeniua.

FUNDI: Nimekuua, halafu unapiga simu? Kumbe ahera kuna mtandao.

MWEWE: Leo sitanii.

FUNDI: Mimi na wewe tukiacha kutaniana watu watasema tumegombania urithi. Haya, sema.

MWEWE: Rangi yako hii. Boneti hii. Jua limeinama, liko mbele yangu, linapiga boneti linanirudi machoni. Sioni— [mtandao unakwaruza] —njia, shemeji.

FUNDI: Hujui njia?

MWEWE: Sioni njia! Kuijua naijua. Naona weupe tu, kama mtu amenishikia kioo usoni.

FUNDI: Na unaongea nami huku unaendesha?

MWEWE: Nimesimama. Niko juu ya ule mteremko wa mawe, kabla ya kona ya kiwiko. Mtandao unashika ukipanda juu ya jiwe, nami nimepanda. Abiria nimewaambia injini imepata joto.

FUNDI: Abiria gani?

MWEWE: Wapima ardhi. Vijana wao wako nyuma, na mkubwa wao, Mama Mpima, yuko kiti cha mbele. Kambi yao iko bondeni kule chini. Nawateremsha kila wiki, si mara ya kwanza.

FUNDI: Naukumbuka mteremko huo. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili hakuna kitu. Siku uliyonipitisha nilishuka nikatembea.

MWEWE: Ulitambaa.

FUNDI: Nilitembea kwa unyenyekevu. Sasa imekuwaje mpaka ukasimama?

MWEWE: Nimemkosakosa mbuzi.

FUNDI: Mbuzi?

MWEWE: Katokea ndani ya ule weupe. Nikakanyaga breki, gari likateleza, kokoto zikamwagikia bondeni. Mbuzi yuko salama. Basi.

FUNDI: Basi?

MWEWE: Nimesema basi! Sikiliza. Kabla hujaigusa wewe, boneti yangu ilikuwa nyeusi. Nyeusi ya masizi, isiyong'aa.

FUNDI: Ilikuwa kama sufuria ya shuleni.

MWEWE: Niliipaka mwenyewe kwa brashi! Kwa sababu! Hakuna dereva wa porini anayependa boneti ya kujitazamia meno. Ukaja wewe na vanishi yako, tabaka juu ya tabaka—

FUNDI: Bosi wako ndiye aliyesema gari liwe jeupe lote, ana wageni. Na wewe ulikuwepo. Ulisimama mlangoni na kikombe cha chai ukasema, "Shem, limekuwa kama bibi harusi."

MWEWE: Bibi harusi unamtazama jioni moja. Hili nalitazama kutwa.

FUNDI: Hapo umenishika.

MWEWE: Eh?

FUNDI: Umenishika, nasema. Mwalimu wangu wa ufundi alituambia, boneti ya gari la porini usiing'arishe. Nilijua. Lakini niliona haya. Gari litoke kwangu jeupe pee, halafu puani lina baka jeusi? Watu wangesema rangi imemwishia njiani. Nikasema, nitaling'arisha mpaka waulize nani kalipaka.

MWEWE: Basi wameuliza. Mama Mpima kauliza.

FUNDI: Ukamwambia?

MWEWE: Nimemwambia ni shemeji yangu, alisoma masomo ya jioni, anajua kila kitu.

FUNDI: Nayajua kweli, tulia nikutoe hapo. Mng'ao ni kama mpira, shemeji. Ukipigwa kwenye sakafu ngumu unarudi. Ukipigwa kwenye mchanga unakufa hapo hapo. Tunautafutia mchanga. Una kitu gani cheusi kwenye gari?

MWEWE: Kuna turubai la vifaa vyao. La bluu.

FUNDI: Linateleza?

MWEWE: Linateleza.

FUNDI: Liache, hilo ni sakafu. Blanketi?

MWEWE: Lipo la kijivu. La kulalia chini ya gari nikitengeneza.

FUNDI: Hilo hilo, na uchafu wake. Fungua boneti, ingiza ukingo mmoja wa blanketi kule karibu na kioo, ufunge boneti ilibane. Ukingo wa mbele ufunge kwa kamba kwenye bampa. Lakini usizibe pua ya gari, injini inataka kupumua. Ukimaliza kaa kwenye usukani uniambie.

MWEWE: Nikikaa kwenye usukani mtandao unakuwa wa kubahatisha.

FUNDI: Tutabahatisha. Nenda.

[mlango wa gari, sauti za watu kwa mbali]

FUNDI: Haloo? Shem? Mmefika wapi?

MWEWE: Tunafunga. Vijana wananicheka. Wanauliza kama gari lina homa.

FUNDI: Waambie lina aibu. Na yule mama?

MWEWE: Hayuko hapa, kashuka. Kaenda na chupa ya maji kule... kule nyuma kidogo.

FUNDI: Maji ya nini?

MWEWE: Ya mbuzi.

FUNDI: Mbuzi anapewa maji ya chupa?

MWEWE: Ni mama mwenye huruma. Haya, nimekaa— [mkwaruzo] —sasa.

FUNDI: Enhe?

MWEWE: Umepungua. Boneti imenyamaza. Lakini kwenye kioo bado. Kuna kitu kinaelea kwenye kioo, cheupe, kama shuka.

FUNDI: Juu ya dashibodi umeweka nini?

MWEWE: Ramani za Mama Mpima.

FUNDI: Karatasi nyeupe?

MWEWE: Karatasi ya ramani nyeusi umeiona wapi?

FUNDI: Ziondoe. Zinajitazama kwenye kioo. Na hiyo dashibodi yenyewe, inang'aa?

MWEWE: Si uliipaka mafuta wewe? Umelipaka gari zima mafuta kama mtoto anayepelekwa kliniki!

FUNDI: Ilikuwa zawadi...

MWEWE: Zawadi yako inanitoa machozi.

FUNDI: Tafuta nguo nyeusi utandike juu yake.

MWEWE: Lipo sweta. Lile la kijani iliyokolea, alilonifumia dada yako.

FUNDI: Tandika. Hatajua.

MWEWE: Atajua. Yule hujua kila kitu.

FUNDI: Kioo kifute kwa ndani, shem, si nje tu. Watu wanasahau ndani. Vumbi la ndani likipigwa na jua linakuwa pazia. Na kile kibao cha kukinga jua, umekishusha?

MWEWE: Cha kwangu kimechoka. Nikikishusha kinaniangukia puani. Jua la miaka yote hiyo kimelizuia chenyewe.

FUNDI: Kibane kwa utepe mweusi wa umeme. Kisha chukua utepe huo huo, upitishe juu ya kioo, ukingo mpaka ukingo, mistari inayofuatana, mpaka ufike usawa wa nyusi zako. Hapo jua likiwa juu kidogo litakutana na ukuta.

MWEWE: Lakini jua— [mkwaruzo] —lakini jua lina—

FUNDI: Haloo? Jua lina nini?

[simu inakatika, baada ya muda inaita tena]

FUNDI: Ee, shem, ulisema jua—

MWEWE: Limezama. Limeingia nyuma ya mlima kama jiwe. Huku likianguka halisemi kwaheri.

FUNDI: Basi Mungu katusaidia! Adui kaondoka. Washa taa, shuka polepole, mkale.

MWEWE: Nimewasha.

FUNDI: Na?

MWEWE: Ni mbaya zaidi.

FUNDI: Mbaya zaidi vipi?

MWEWE: Taa zako za paa. Ile safu ndefu uliyonifungia ukasema nitawamulika mpaka sungura walio usingizini. Nikiwasha, mbele yangu kunakuwa ukuta wa maziwa.

FUNDI: Ahaa! Hiyo naijua. Nimeifunga mbele mno. Mwanga wake unadondokea kwenye kioo chako na kwenye boneti kabla haujaenda njiani. Inataka kofia. Una boksi?

MWEWE: La biskuti.

FUNDI: Likate. Legeza zile nati, isukume safu yote nyuma kiasi cha kiganja, halafu chini yake ingiza boksi litokeze mbele kama kofia ya askari. Mwanga uende mbele, usianguke chini. Panda juu ya paa, mimi nasubiri.

MWEWE: Nimewaeleza wote. Mama Mpima ndiye aliye juu.

FUNDI: Nani?

MWEWE: Mama Mpima. Kasema mimi nisipande. Kachukua spana kutoka mkononi mwangu, kavua viatu, kapanda.

FUNDI: Wewe Mwewe, unamwacha mama wa watu apande paa la gari lako?

MWEWE: Kasema magoti yangu yanahitaji kupumzika.

FUNDI: Magoti yako yana nini?

MWEWE: Hayana kitu.

FUNDI: Salio lako linatosha?

MWEWE: Dada yako aliniwekea asubuhi. Sijui limebaki kiasi gani, simu imeandika kitu hapa— ngoja... Haidhuru. [kwa mbali] Tayari, mama? Haya kijana, washa! [karibu] Kawasha.

FUNDI: Enhe? Kofia imekaa?

MWEWE: Imekaa. Vijana wanashangilia. Wanasema njia inaonekana mpaka kwenye kona.

FUNDI: Unaona sasa! Masomo ya jioni hayo!

MWEWE: Shem.

FUNDI: Niambie.

MWEWE: Haijasaidia.

FUNDI: Si wanasema wanaona mpaka kwenye kona?

MWEWE: Wao wanasema.

FUNDI: Zima za paa zote. Acha za mbele tu, zile za kawaida. Vipi?

MWEWE: Zina ndevu.

FUNDI: Zina nini?

MWEWE: Ndevu. Mwanga unatoa nyuzi kila upande, kama katani iliyochambuka. Lazima vanishi yako imerukia kwenye kioo. Umeninyunyizia vanishi kwenye kioo, mtu wewe!

FUNDI: Kioo nilikifunika kwa magazeti, mwenyewe ulishika gundi. Zima na hizo pia. Toka nje ya gari.

MWEWE: Nimetoka.

FUNDI: Uko wapi?

MWEWE: Kwenye jiwe langu.

FUNDI: Unaona nini?

MWEWE: Giza. Giza la kawaida, halina ubaya wowote. Na taa ya kambini kule chini, ya mlinzi.

FUNDI: Ikoje?

MWEWE: Ipo tu.

FUNDI: Nimekuuliza ikoje.

MWEWE: Kubwa. Ina pete, kama mwezi wakati mvua iko karibu. Na... na ndevu.

FUNDI: Shemeji.

MWEWE: Ee.

FUNDI: Taa ya kambini sikuipaka rangi mimi.

MWEWE: Kuna vumbi huku.

FUNDI: Haina boneti, shemeji. Na wewe uko nje, hakuna kioo kati yako na yenyewe.

MWEWE: Nimekwambia kuna vumbi! Upepo wa jioni unainua—

FUNDI: Muulize Mama Mpima yeye anaionaje.

MWEWE: Simuulizi.

FUNDI: Muulize.

MWEWE: Simuulizi, bwana, nitaonekana—

FUNDI: Muulize, Mwewe.

MWEWE: [kwa mbali] Mama! Samahani. Ile taa ya mlinzi... unaionaje? ...Hapana, nauliza tu. [karibu, kwa sauti ndogo] Anasema nukta.

FUNDI: Nukta.

MWEWE: Kama punje ya mtama, anasema. Nukta moja, imetulia.

[mtandao unakwaruza]

FUNDI: Upo?

MWEWE: Nipo.

FUNDI: Ziba jicho la kulia kwa kiganja. Itazame taa.

MWEWE: Nimeziba.

FUNDI: Unasemaje?

MWEWE: Pete. Ndevu.

FUNDI: Badilisha. Ziba la kushoto.

MWEWE: [kimya kirefu]

FUNDI: Shem?

MWEWE: Hili la kulia ni kama ninatazama kupitia kikombe cha maziwa. Taa haipo. Kuna mahali ambapo giza ni jeupe kidogo, basi.

FUNDI: Tangu lini?

MWEWE: Tangu uipake boneti.

FUNDI: Mwewe.

MWEWE: Sema ni rangi, shemeji.

FUNDI: Ndugu yangu—

MWEWE: Nakuomba. Umekwishakubali mwenyewe, si ulisema nimekushika? Sema ni rangi, utapiga msasa, utapaka masizi, yatakwisha. Nitakubali matani yote. Wewe sema tu.

FUNDI: Ingekuwa rangi ningekuja huko sasa hivi na msasa mdomoni. Rangi nimekosea, hilo halitoki. Lakini rangi ilikuonyesha kitu, shemeji, haikukupa. Zile nguzo za geti lako.

MWEWE: Nguzo zimefanya nini?

FUNDI: Ulinituma nizipake njano. Njano kali, ukasema, zaidi ya hiyo. Nikakucheka, nikakwambia nyumba imekuwa kituo cha mafuta. Mwewe, ulikuwa huzioni?

MWEWE: ...Niliigonga ya kushoto. Mara moja tu. Nikamwambia dada yako ni lori la mkaa.

FUNDI: Na dada anavyokusomea ujumbe wote wa simu? Siku ile mezani ulituambia unapenda sauti yake.

MWEWE: Sauti yake naipenda.

FUNDI: Najua unaipenda.

MWEWE: Sasa wewe unataka nifanye nini? Eh? Niende kwa bosi niseme, Mwewe haoni? Jina hili sikujipa. Nilipewa na madereva wenzangu, kwa sababu nilisimamisha gari nikasema kuna kobe njiani, wakanicheka, tukaenda, tukamkuta kobe. Kobe, shem! Kwenye majani makavu! Wakijua, ufunguo unaondoka siku hiyo hiyo. Watanipa filimbi nikae getini niwafungulie watoto wa juzi. Wataniita Mwewe huku wakipiga honi.

FUNDI: Kuna madaktari wa macho. Mengine ni utando tu, wanautoa. Sijui la kwako ni lipi, mimi ni mtu wa rangi. Lakini mficha maradhi—

MWEWE: Usiimalizie hiyo.

FUNDI: Siimalizii.

[mtandao unakwaruza]

FUNDI: Yule mbuzi.

MWEWE: Mbuzi gani?

FUNDI: Anayekunywa maji ya chupa.

MWEWE: Shem, acha.

FUNDI: Alikuwa mbuzi?

[upepo]

MWEWE: Alikuwa na mzigo wa kuni kichwani.

FUNDI: Ya Rabi.

MWEWE: Sikumgusa. Wallahi sikumgusa. Alijirusha ukutani, kuni zikatawanyika njiani, mimi nikasimama vidole vichache tu kutoka kwake. Niliposhuka nilidhani ni kichaka. Nilisimama mbele yake, ndipo kichaka kikasema, "Baba, hukuniona?" Na nguo yake ni nyekundu, shem. Vijana wanasema ni nyekundu ya kupiga kelele.

FUNDI: Yuko wapi sasa?

MWEWE: Kakaa kando ya njia hapo nyuma. Mama Mpima ndiye alikuwa anampa maji. Kwao ni huko huko chini, njia yetu. Nilimwambia, panda, nitakufikisha mlangoni. Akanitazama. Akasema afadhali atembee.

FUNDI: Gizani? Mteremko huo?

MWEWE: Afadhali atembee, akasema.

FUNDI: Na wewe ulipopiga simu hii ulitaka nini kwangu?

MWEWE: Unipe dawa ya boneti, nishuke.

FUNDI: Na hao wote ndani.

MWEWE: Mteremko huu naujua kwa makalio! Kokoto zina sauti yake, mchanga una sauti yake. Nimekuwa nikishuka hivyo... nimekuwa nikishuka, yatosha. Mama Mpima huniambia, "Taratibu, dereva, shimo upande wako." Namkemea. Namwambia mama, soma ramani, njia niachie.

FUNDI: Kwa hiyo yeye anajua.

MWEWE: Ndiyo maana alininyang'anya spana.

FUNDI: Anaendesha?

MWEWE: Ana leseni. Kila safari ananiomba, "Dereva, nipe kidogo nikusaidie." Namjibu gari hili si cherehani.

FUNDI: Ulimjibu hivyo?

MWEWE: Vijana walicheka sana.

FUNDI: Mpe ufunguo.

MWEWE: Shem—

FUNDI: Sikuambii kama fundi wala kama shemeji. Nyumba hiyo yenye nguzo za njano yumo dada yangu. Mpe ufunguo, Mwewe. Leo tu. Ya bosi tutayaongea kesho, nitakwenda nawe, nitasema boneti ni kosa langu, maana ni kosa langu. Lakini leo mpe.

MWEWE: Hawezi kiwiko. Kile hakiendeshwi kwa kutazama, ukikitazama kinakutisha. Kinaendeshwa kwa kusikia.

FUNDI: Basi yeye atazame, wewe usikie.

[mlio mfupi kwenye simu]

MWEWE: Salio hilo linalia.

FUNDI: Nalisikia. Nenda.

MWEWE: Usikate.

FUNDI: Sikati.

[hatua juu ya kokoto, mlango wa gari]

MWEWE: [kwa mbali] Mama. Samahani, mama. Lile neno la cherehani... Hapana. Shika.

[ufunguo unalia]

FUNDI: Kasemaje?

MWEWE: Kaupokea kama alikuwa ameshatandaza mkono. Sasa anasogeza kiti mbele. Hakuna aliyewahi kukisogeza kiti hicho, kinalia kama punda.

FUNDI: Na yule wa kuni?

MWEWE: Subiri... Kasimama. Anauliza nani anaendesha. Kijana anamwambia, mama huyu. Anakuja. Anapanda nyuma. Kuni zake wanazifunga juu ya paa, nyuma ya taa zako.

FUNDI: Wazifunge vizuri zisisukume boksi.

MWEWE: Hata sasa unawaza boksi?

FUNDI: Niwaze nini, nilie?

[injini inawaka]

MWEWE: Mama, gia ya kwanza, ile ndogo kabisa. Mguu uondoe kwenye breki. Iache injini ilishike gari yenyewe. Hivyo. Hivyo hivyo. Shem, blanketi limetulia. Anasema boneti haimsumbui kabisa, kama haipo.

FUNDI: Afadhali kuna anayefaidi.

MWEWE: Nyamaza kwanza. Nyamazeni wote humo! Nasikiliza— [kokoto, mkwaruzo] Bado, mama. Bado. Bado hizi ni kubwa. Zikianza kusaga kama mchele...

FUNDI: Shem?

MWEWE: Ssss. [kokoto] Sasa. Kata. Kata yote, usiogope ukuta. Yote, mama! Rudisha. Rudisha taratibu.

[injini]

FUNDI: Shemeji? Mwewe! Haloo!

MWEWE: Tumekipita.

FUNDI: Kiwiko?

MWEWE: Tumekipita. Yule wa nyuma anasoma dua kwa sauti. [anavuta pumzi] Shem, kiti hiki cha abiria kina springi iliyochomoza. Nimewakalisha watu juu yake siku zote hizi, hakuna aliyesema.

FUNDI: Walikuogopa.

MWEWE: Na kile kibao cha kukinga jua cha upande huu... nakipapasa hapa... bado kina nailoni ya kiwandani. Hakijawahi kushushwa hata siku moja.

FUNDI: Ibandue.

MWEWE: Ya nini? Jua si limekwishazama.

FUNDI: Ibandue hivyo hivyo. Mtarudi asubuhi, litakuwa mbele yenu tena, na wewe utakuwa umekaa hapo hapo.

[sauti ya nailoni ikibanduka polepole]

MWEWE: Imenata, shem. Dada yako... usimwambie kwa simu. Nitamwambia mwenyewe, nikifika, nikiwa nimekaa—

FUNDI: Simwambii. Lakini Mwewe, hiyo simu ya kusomewa, nadhani dada alikwisha—

[mlio; simu imekatika]

FUNDI: —jua. Haloo? Shemeji? Haloo?